Maziwa yanayotoroka, kwa kipimo cha Mto Pangani

Mitambo ya umeme ya Pangani Falls, chini ya Hale, imejengwa kumeza mita za ujazo 45 za maji kila sekunde. Maji yakishatimia na kuporomoka mita 170, hutoa megawati 68. Kwetu Tanga hayo ndiyo maji mengi tunayoyajua, ndiyo maana nimeyachagua yawe kipimo. Rekodi zinazofuata ni za maziwa yanayokaa juu ya barafu, huko nchi za baridi, ambayo leo yapo na kesho hayapo.

Lililotoroka kwa kasi

Kati ya yaliyopimwa vizuri, sijui ziwa lililolishinda hili. Julai 2006, magharibi mwa Greenland, lilikuwepo ziwa la kilomita za mraba 5.6, lililojazwa na theluji na barafu iliyoyeyuka kwa jua la kiangazi. Lilibeba mita za ujazo milioni 44. Sakafu yake ilipopasuka, maji yote yakashuka katika muda usiofika saa mbili: kwa wastani mita za ujazo 8,700 kwa sekunde. Hizo ni Pangani Falls zaidi ya 190, zote zikizungusha mitambo kwa pamoja. Sarah Das na wenzake waliochapisha vipimo hivyo mwaka 2008 waliyalinganisha na maporomoko ya Niagara, na Niagara ikashindwa.

Wengi tungedhani maji yale yalitoboa barafu kwa joto lake. Sivyo. Yaliipasua kwa uzito. Mita ya ujazo ya maji ina kilo 1,000, ya barafu ina kilo kama 917 tu. Ufa mtupu kwenye barafu haufiki mbali, maana barafu ya pembeni huubana hadi ukafunga. Ufa uliojaa maji ni habari nyingine: maji yanasukuma kuta kuliko kuta zinavyoyasukuma, na kadiri ufa unavyokwenda chini ndivyo maji yanavyozidi kushinda. Yanakuwa kabari isiyoisha, mradi juu kuna ziwa la kuujaza ufa bila kukoma. Johannes Weertman alikwisha kuonyesha kwa hesabu mwaka 1973 kwamba ufa wa namna hiyo unaweza kufika hadi chini kabisa. Lile ziwa la 2006 lilikuwa na barafu ya mita 980 chini yake, na ufa ukafika.

Maji yalipofika kwenye mwamba hayakuwa na pa kwenda, yakainyanyua barafu yote hiyo. Vifaa vilivyokuwa karibu na ziwa vilipanda mita 1.2 na kusogea kando kama sentimita 80. Baada ya hapo maji yakatawanyika chini kwa chini, barafu ikaketi tena.

Kulibaki swali moja gumu. Maziwa haya hukaa kwenye mabonde ya barafu, mahali ambapo barafu inabanwa, haivutwi. Ufa wa kwanza unaanzaje? Laura Stevens na timu yake walilizunguka ziwa hilohilo kwa vipokezi vya GPS na kulivizia kati ya 2011 na 2013, na mwaka 2015 wakatoa jibu. Saa chache kabla ya kila tukio, maji mengine yalikuwa yameshapenya hadi mwambani kupitia mashimo ya jirani. Yakailainishia barafu njia na kuiinua kidogo, nayo ikavutika juu kiasi cha kuachia ufa. Kwa maneno mengine, ziwa linasalitiwa na majirani.

Yaliyotoroka mengi kwa pamoja

Rekodi hii inashikwa na Larsen B, utando wa barafu uliokuwa ukielea kwenye rasi ya Antaktika. Mapema 2002 uso wake ulikuwa umejaa maziwa zaidi ya 2,000. Yakakauka karibu yote katika siku chache, na wataalamu waliolipigia hesabu tukio hilo baadaye wanaona kwamba ziwa moja likikauka huipinda barafu ya jirani, na ziwa la jirani likapasuka, na la jirani yake vilevile. Kufikia Machi kilomita za mraba 3,250 zilikuwa zimesambaratika, karibu mara mbili ya Unguja nzima.

Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi bahari kwa kitu cha kutaja, maana uzito wake umeshabebwa na maji. Kilichofuata ndicho cha kuogopa. Larsen B ilikuwa imeizuia barafu ya nchi kavu iliyokuwa nyuma yake, na kizuizi kilipoondoka baadhi ya mito ya barafu hiyo ilikimbilia baharini hadi mara nane ya mwendo wake wa zamani.

Lililotoroka na maji mengi

Utando wa Amery, Antaktika ya mashariki, Juni 2019, katikati ya giza la baridi. Ziwa lililofunikwa kwa barafu lilipoteza kati ya mita za ujazo milioni 600 na 750 katika siku kama tatu, likipita barafu nene ya mita 1,400. Bwawa la Nyumba ya Mungu likijaa hubeba kama bilioni 1.1. Basi hesabu ni zaidi ya nusu ya Nyumba ya Mungu, na hapakuwa na mtu wa kushuhudia. Setilaiti ndizo zilizoliona shimo.

Lisilokuwepo

Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mto Pangani unaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na pwani bado utamsikia mtu akisema theluji ikiisha mto utakufa. Hofu hiyo imekosea anwani. Mto unalishwa na mvua ya misituni na chemchemi, na anayeutakia mema alinde misitu hiyo. Barafu ya Kibo, kwa baridi na ukavu wa kule juu, sehemu kubwa hugeuka mvuke bila hata kuwa maji, kwa hiyo maziwa ya kupasuka hayapati nafasi. Imepungua kutoka kilomita za mraba 11.4 mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011. Ni msiba, nakubali, lakini hata ikiisha yote bahari ya Pangani haitaonja tofauti.

Barafu ya mbali inayotufikia zaidi

Greenland ina barafu ya kutosha kuinua bahari zote kwa zaidi ya mita 7 kama ingeisha yote. Kuna jambo hapa ambalo nadhani halisemwi vya kutosha upande huu wa dunia. Lundo la barafu kubwa kiasi hicho linavuta bahari kwa mvutano wake, maji yanajikusanya kando yake. Likipungua, huyaachia. Matokeo yake ni kwamba karibu na Greenland kwenyewe maji yanashuka, na nchi iliyotuliwa mzigo inainuka, huku sisi tulio jirani na ikweta tukipata kupanda kuliko wastani wa dunia.

Mwambao wetu hauna nafasi ya kuongezewa. Kisiwa cha Maziwe, kama kilomita 8 kutoka Ushongo, kilikuwa na mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Siku hizi maji ya bamvua yakijaa, kisiwa chote kinazama, na mayai ya kasa huhamishiwa bara ili yasife. Wapo wanaoiona Maziwe kuwa mhanga wa bahari inayopanda, na wapo wanaosema watu waliikata miti kwanza, mchanga ukakosa wa kuushika. Mimi naona hoja ya miti ina uzito kwa yale yaliyokwisha kutokea. Ila mchanga uliobaki sasa hauna mvinje hata mmoja, na kwake kila sentimita ya bahari inayopanda ina uzito.