Jicho Hutua Wapi? Vitabu kwa Watoto Watatu wa Kigwa

Mama mmoja wa Kigwa, wilayani Uyui, ameuza karanga zake na Jumamosi anakwenda Tabora mjini. Ana watoto watatu, wa miaka 4, 7 na 11. Sare zimepatikana, madaftari yamepatikana, na kuna fedha kidogo imebaki. Anauliza: awanunulie vitabu gani?

Najua jibu linalotarajiwa. Ni lile jedwali la umri, picha kwa wadogo na visa kwa wakubwa. Linanichosha. Umri ulioandikwa kwenye jalada ni wa mtoto ambaye mchapishaji hajawahi kumwona. Mimi naanza na jicho.

Chukua kioo, dada yangu. Tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudi kwenye la kushoto. Hutaona jicho likisogea hata kidogo. Sasa mwulize aliyekaa karibu nawe: ataapa kwamba macho yako yanarukaruka kama panzi. Jicho linaporuka, ubongo hulifunika lile wenge ili usione dunia ikiyumba. Ndivyo ilivyo hata sasa unaposoma mstari huu. Jicho halitiririki juu ya maneno kama maji mferejini. Huruka na kutua, huruka na kutua. Daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, alilieleza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1870. Tangu hapo vipimo vimeonyesha kuwa mruko mmoja huchukua kama sehemu 30 za elfu ya sekunde, na kutua huchukua kati ya 200 na 250. Kwa hiyo msomaji mzoefu hutua mara 4 hivi kila sekunde, na ni anapotua tu ndipo anaposoma.

Hapa sina budi kugombana kidogo juu ya neno. "Mruko" silikatai. Lakini kule kutua kwenyewe tukuite nini? Tukisema "fiksesheni", neno litatukwama kooni kama mwiba wa sato. "Kituo" lingefaa, ila shuleni limeshachukuliwa na nukta na mkato, na mjini linagombaniwa na mabasi na polisi. Mimi nachagua "tuo", wingi "matuo". Ni neno la zamani, lina mzizi wake katika kutua, na kutua si kusimama tu: ni kushusha mzigo. Jicho likifika kwenye tuo, huukabidhi ubongo herufi zake, kisha huondoka.

Na kama kuna mahali panapostahili kulielewa neno hili, ni Kigwa, maana Kigwa yenyewe ilikuwa tuo. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilivuka Mgunda Mkali, ile nyika kame kati ya Ugogo na Unyamwezi, ikapita Tura, Rubuga na Kigwa, ndipo ikaingia Kazeh, yaani Tabora ya leo. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke waliingia Kazeh Novemba 1857. Mwenzao Stanley alipita Kigwa 1871 akielekea Kwihara, jirani na Tabora. Hakuna aliyetoka pwani akafika kwa mwendo mmoja. Safari ilikwenda kwa matuo, na mwenye akili aliuliza kwanza: tuo lijalo lina maji?

Sasa utazame mstari wa kitabu kama njia ile. Katikati ya jicho kuna eneo dogo sana linaloona kwa ukali. Pembeni yake ni ukungu. Ukungu huo usiudharau, kwani ndio kirangozi, mwongoza njia wa msafara. Huchungulia mbele, huona nafasi nyeupe kati ya maneno, hupima urefu wa neno linalokuja, kisha huamua jicho litue wapi. Kirangozi wa msomaji mzoefu huona mbali, na mruko mmoja huvuka herufi 7 hadi 9. Kirangozi wa mtoto wa darasa la kwanza anaona hatua mbili tu mbele yake. Jicho la mtoto huyo hutua mara mbili au tatu ndani ya neno moja, hukaa zaidi kwenye kila tuo, na hurudi nyuma mara kwa mara kutafuta mzigo ulioanguka njiani. Hata sisi wakubwa hurudi nyuma, kiasi cha mruko 1 katika kila 10.

Na maji ni nini? Maji ni maana. Ubongo hushika silabi chache tu kwa muda mfupi, na zisipofikia maana zinakauka. Mpe mtoto neno "nimekununulia". Ataanza ni-me-ku, atapumua, ataendelea nu-nu, na akifika li-a, ile "ni" ya kwanza imeshayeyuka: hajui tena nani alinunua. Ukurasa wenye maneno ya namna hiyo mfululizo ni Mgunda Mkali. Mtoto anayeufunga hana uvivu; ana kiu.

Tahajia yetu ni rahisi, irabu ni tano, na aliyezijua ba be bi bo bu anaweza kutamka karibu kila kitu. Ugumu wetu ni urefu. Basi mchapishaji akijisifu kwamba ukurasa wake una maneno manne tu, hajakwambia kitu. Hesabu silabi. "Mama anapika. Ugali umeiva" ni njia yenye visima viwili; "Tulipomkaribia alituandalia chakula" ni mbuga.

Kiswahili, hata hivyo, humlipa mtoto fidia. "Kikombe kidogo kimevunjika": akishaitambua "ki" ya kwanza, ya pili na ya tatu anazipata karibu bure. Kitabu kizuri cha mwanzo huuchezea upatanisho huo ukurasa baada ya ukurasa. Mwanasaikolojia wa Israeli, David Share, alieleza mwaka 1995 kwamba kila mara mtoto anapolifumbua neno mwenyewe, anajifundisha. Baada ya kukutana nalo mara chache, hulitambua papo hapo. Kwa hiyo mtoto akikirudia kitabu kilekile mara ya kumi, mwache. Anageuza matuo matatu kuwa moja.

(Tafiti nyingi za macho zimefanywa kwa wasomaji wa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, kwa hiyo hesabu nilizotaja zichukue kama makadirio kwa Kiswahili. Tuendelee.)

Katika misafara ya Wanyamwezi walikuwemo vijana wadogo. Hawakubebeshwa pembe za ndovu. Walibeba vitu vyepesi. Lakini jioni kambini walisikia mazungumzo yaleyale ya wakubwa, maneno mazito na yote. Sikio la mtoto hutangulia jicho lake kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kila mtoto ana haki ya vitabu viwili: kitabu cha jicho, anachokibeba mwenyewe, na kitabu cha sikio, anachobebewa na mwingine.

Wa miaka 4 ni sikio tupu. Mchagulie picha kubwa zenye mambo anayoyajua, na kama nyumbani mnaongea Kinyamwezi, zizungumzeni kwanza kwa Kinyamwezi. Wa miaka 7 apate vyote viwili. Mwache asome ukurasa mmoja pale dukani, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vitano vikiisha, kitabu hicho ni cha sikio kwa sasa. Tafuta vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991. Na kama una simu ya kupangusa, hadithi za African Storybook zipo kwa Kiswahili, bure, zimepangwa kwa ngazi. Wa miaka 11 jicho lake limeshakomaa. Kinachohitajika ni hamu. Mweke mbele ya Hekaya za Abunuwasi na Safari ya Prospa ya Elieshi Lema, kisha geuka ukapatane bei ya kitu kingine. Atakachokishika ndicho. Nyumbani awasomee wadogo zake.

Mwishoni mwa swali lake dada huyu ameongeza jambo kama mtu anayeomba radhi: aliacha shule mapema, husoma kwa kusuasua, na anaona haya kuwasomea wanawe.

Watafiti waliofuatilia macho ya watoto wadogo wanaosomewa wamegundua kwamba macho hayo hukaa kwenye picha, na maandishi karibu hayatazamwi kabisa, isipokuwa msomaji anapoyaonyesha kwa kidole. Msomaji mwepesi hasogezi kidole. Anamwacha mtoto kwenye picha na kutokomea na msafara. Wewe, dada, utaweka kidole chini ya kila neno kwa sababu unakihitaji wewe mwenyewe, na utakwenda mwendo ambao jicho la miaka 7 linaweza kuufuata. Chenji ikibaki, nunua taa ya sola.