Mtihani wa Hisabati Huanza na Lugha: Namna Familia Inavyoweza Kumwandaa Mtoto wa Kidato cha Pili

Kila mwaka ifikapo Novemba, wanafunzi wa Kidato cha Pili nchini Tanzania hufanya Upimaji wa Kitaifa unaoandaliwa na Baraza la Mitihani. Asiyefikia kiwango cha ufaulu hukariri kidato. Kwa familia nyingi, huo ni mwaka mwingine wa sare, madaftari na michango ya chakula, na wapo vijana wanaokata tamaa papo hapo. Je, mzazi ambaye hakufika sekondari anaweza kumsaidia mwanae? Jibu ni ndiyo, tena sana.

Kwanza tuelewe ugumu uko wapi. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Hivyo karatasi ya Hisabati inapima mambo mawili kwa pamoja: kukokotoa na kusoma. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya miaka ya karibuni, waliofaulu Hisabati wamekuwa kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Na Baraza, katika taarifa zake za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, hutaja mara kwa mara sababu hii: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini.

Tutazame mfano. Mkulima amevuna magunia 48 ya mahindi. Ameuza robo tatu yake kwa shilingi 60,000 kila gunia. Amepata kiasi gani? Kwa Kiswahili, kijana wa Kidato cha Pili hutafuta robo tatu ya 48, anapata 36, kisha anazidisha na kupata shilingi 2,160,000. Mpe swali hilo hilo kwa Kiingereza. Asipoelewa maneno ya "robo tatu", atazidisha namba anazoziona na kuandika 2,880,000. Kuzidisha anajua, kilichomwangusha ni kusoma.

Yapo pia maneno yenye sura mbili. Neno "product" katika masomo ya biashara ni bidhaa, lakini katika Hisabati ni jibu la kuzidisha. "Difference" ni tofauti, na katika Hisabati ni jibu la kutoa. Asiyeyajua haya hupoteza alama kabla hajashika kalamu.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na jambo hili katika kitabu cha Plato kiitwacho Meno. Sokrate anamwita kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometria. Kabla ya yote anauliza kama kijana huyo anajua Kigiriki. Kisha anachora mraba na kumuuliza maswali tu. Kijana anakosea mara mbili, lakini kwa kuulizwa zaidi anafika kwenye jibu sahihi. Hapa tuna mambo mawili ya kuchukua: lugha hutangulia hesabu, na anayeuliza vizuri anafundisha.

Basi, nyumbani tufanye nini?

1. Mwombe mtoto akusomee swali la Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Akishindwa kukueleza, bado hajalielewa. Kazi hii haihitaji mzazi ajue Kiingereza.

2. Awe na daftari dogo la maneno ya Hisabati. Maneno matatu kwa siku, kila moja na maana yake na mfano mmoja.

3. Mpe hesabu za kweli za nyumbani: bei ya unga kwa kilo, chenji ya dukani, mavuno ya shamba, michango ya msiba. Kabla hajakokotoa, akadirie. Aliyezoea kukadiria angejua kwamba mkulima wetu hawezi kupata 2,880,000, kwa maana hiyo ni bei ya magunia yote 48.

4. Afanye karatasi za miaka iliyopita kwa kuzingatia muda, kisha apeleke kwa mwalimu maswali yaliyomshinda. Asisubiri Oktoba.

5. Mpe muda. Nusu saa ya utulivu kila jioni, bila kutumwa maji wala dukani, inazidi kukesha wiki ya mwisho. Jambo hili liangaliwe hasa kwa mabinti, maana kazi za jioni huwaangukia wao.

Jumuiya zetu ndogo ndogo nazo zina nafasi. Karibu kila jumuiya ina mwalimu, mwanachuo aliye likizo au kijana aliyemaliza Kidato cha Sita. Saa moja Jumamosi, chini ya mwembe wa jirani, ingetosha kuwakusanya watoto watano au sita na kusoma maswali pamoja. Novemba itafika kwa kila mtoto, awe na fedha ya masomo ya ziada au asiwe nayo. Mzazi mwenzangu wa kiroho na wa kimwili, jioni ya leo chukua daftari la mwanao na umuulize: "Swali hili linasemaje?"