BIA YAPIKWA KWA KOMPYUTA, BIBI WA TOGWA ACHEKA!

ULIKUWA unajua kwamba Ikulu ya Marekani iliwahi kupikwa pombe? Si masihara, bwana. Mwaka 2011 Rais Barack Obama, yule ambaye baba yake ni Mluo wa Kogelo, alitoa pesa mfukoni mwake vikanunuliwa vyombo, na wapishi wa White House wakaingia kazini. Kilichotoka ni bia ya asali, tena asali ya mzinga uliokuwa hapo hapo kwenye eneo la Ikulu. Wananchi waliposikia wakaja juu: tupeni resipi! Wakaandika maombi, wakakusanya saini, na Septemba 2012 Ikulu ikasalimu amri, ikaiweka resipi hadharani. Ndani yake mlikuwa na asali kama gramu 450 kwa lita 19 za bia.

Hapo ndipo uhondo unapoanza. Zamani ukipewa resipi kama hiyo, ilibidi upike kwanza ndipo ujue umepata bia au umepata maji ya kuoshea vyombo. Siku hizi mpishi wa nyumbani kule Marekani au Uingereza anafungua kompyuta au simu yake, anaandika kimea kiasi fulani, asali kiasi fulani, hamira ya aina fulani. Programu inamjibu palepale: kilevi asilimia hii, uchungu huu, rangi hii. Jiko hajaliwasha bado!

Je, mashine inaweza kweli kujua ulabu utakavyokuwa kabla haujapikwa? Jibu ni ndiyo na hapana, na ukichanganya majibu hayo mawili chupa inaweza kukupasukia usoni. Twende taratibu.

WALIKUWA WANAPIKA KWA KUJIFICHA

Usidhani Wamarekani walianza kwa raha. Marufuku ya pombe nchini kwao ilipofutwa mwaka 1933, sheria ilimkumbuka anayetengeneza mvinyo nyumbani, ikamsahau mpika bia. Waliopika walipika kimya kimya kwa miaka 45! Oktoba 14, 1978, Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyowafungulia mlango, ikaanza kazi Februari 1979. Mtu mzima mmoja ruksa galoni 100 kwa mwaka, kama lita 378. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, galoni 200. Ya kunywa, si ya kuuza. Majimbo nayo yalikuwa na sauti yake, ndiyo maana Mississippi na Alabama yalikubali mwaka 2013 tu. Waingereza walitangulia, maana kwao leseni ya kupika bia ya nyumbani iliondolewa mwaka 1963.

Mwaka huo huo wa 1978 jamaa mmoja wa Boulder, Colorado, Charlie Papazian, ambaye chuoni alisomea uhandisi wa nyuklia, alishirikiana na mwenzake kuanzisha chama cha wapika bia wa nyumbani. Mwaka 1984 akatoa kitabu, The Complete Joy of Homebrewing, ambacho kimewafundisha watu wengi kupika. Kwa hiyo kompyuta zilipoingia majumbani, zilikuta wapishi wako tayari na madaftari yao yamejaa hesabu.

HESABU NA BIA NI NDUGU

Tena hesabu kwenye bia si mambo ya juzi. Unaikumbuka pH ya darasa la kemia, ile ya asidi na besi iliyokutoa jasho? Ilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Na waliosoma takwimu chuoni wanakijua kipimo cha t cha "Student". Huyo Student jina lake halisi ni William Gosset, mfanyakazi wa Guinness kule Dublin. Mwaka 1908 alitumia jina la bandia kwa kuwa kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe tafiti kwa majina yao. Kwa hiyo mwanafunzi ukishikwa na sapu, mlaumu mpika bia!

Programu za leo zimefanya kazi moja tu: zimeichukua hesabu hiyo ya viwandani na kuiweka mezani kwa mtu wa kawaida. Miaka ya 1990 ilikuwepo ProMash. Mwaka 2003 Brad Smith akatoa BeerSmith. Siku hizi ipo Brewfather, na ipo Brewtarget ambayo ni ya bure kabisa.

INAVYOFANYA KAZI

Tuseme mshikaji wako yuko Denver na anataka lita 20 za pale ale ya Kimarekani. Anachagua aina hiyo kwenye orodha, programu inamwekea mipaka ambayo majaji wa mashindano ya bia wameizoea: kilevi kati ya asilimia 4.5 na 6.2, uchungu kati ya 30 na 50 kwa kipimo kinachoitwa IBU.

Anaanza na kimea cha shayiri. Kilo moja ya kimea cheupe kwenye lita moja ya maji inaweza kutoa pointi 308 hivi za utamu, kama ukiikamua mpaka tone la mwisho. Hakuna anayefikia huko nyumbani. Wengi hupata kama robo tatu, ile nyingine inabaki kwenye machicha. Jamaa akiandika kilo nne na nusu na robo tatu yake, programu inazidisha na kugawa kwa lita 20, inapata 52. Maji matupu yanasoma 1.000, kwa hiyo togwa yake ya shayiri itasoma 1.052.

Hamira ikishakula sukari, kipimo kitashuka mpaka karibu 1.013. Tofauti ni 0.039. Zidisha kwa 131, unapata kilevi asilimia 5.1. Yuko ndani ya mipaka.

Unakuja uchungu. Bia ya kizungu hutiwa hopsi, maua ya mmea unaotambaa, na kadiri yanavyochemka ndivyo uchungu unavyotoka. Miaka ya 1990 Mmarekani Glenn Tinseth alitengeneza fomula inayotumika mpaka leo. Kwa fomula hiyo, gramu 30 za hopsi zenye asidi chungu asilimia 6, zikichemka saa nzima kwenye togwa ya jamaa yetu, zinaleta IBU kama 20. Gramu 30 zile zile zikichemka robo saa zinaleta kama 10, ila harufu nzuri inabaki zaidi. Akitia zote mbili, ana 30. Kazi ambayo ingemla jioni nzima na kalkuleta imekwisha kabla chai haijapoa.

SASA NGOJA UONE INAVYODANGANYA

Tatizo ni kwamba programu haikuoni. Inaamini unachoandika. Umeiambia unakamua robo tatu ya utamu, lakini kimea chako kimesagwa vibaya na maji hayakuwa na joto la kutosha, umekamua asilimia 60 tu. Kwenye kioo bado inasomeka 1.052. Ndani ya ndoo ni 1.042, na bia itaishia asilimia 4 na kidogo badala ya 5. Mgeni wako atakunywa atasema nyepesi, wewe utabaki unamwonyesha kompyuta. Atakunywa kompyuta?

Hilo ni la aibu tu. Lipo la hatari.

Bia ya nyumbani hupata povu lake ndani ya chupa. Kabla ya kufunga, mpishi anaongeza sukari kidogo, kama gramu sita kwa lita, hamira inaila na kutoa gesi. Kwa lita 20 ni gramu 120. Programu inakupigia hesabu hiyo vizuri tu, lakini imekadiria kwamba bia yako imeshuka mpaka 1.013. Je, kama hamira imechoka ikasimama kwenye 1.020? Hiyo tofauti ndogo ya pointi saba ni sukari iliyobaki, na ni zaidi ya mara mbili ya ile uliyoongeza. Funga chupa siku hiyo kwa kuwa tarehe imefika kwenye kioo, hamira iamke tena humo ndani, na umetengeneza bomu la kioo. Chupa zinapasuka kabatini usiku, vipande vinaruka. Mtu akiwa karibu, macho yake yako hatarini.

Dawa yake si programu mpya. Ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Unapima leo, unapima baada ya siku mbili tatu. Kama kipimo hakijasogea na kiko karibu na kile ulichotarajia, funga chupa zako. Kama kinashuka, au kimegoma juu, subiri. Kioo cha kompyuta kinakupa makisio, haidromita ndiyo inakwambia kilichomo ndooni. Vikigombana, msikilize haidromita.

Na usafi je? Hakuna fomula ya ndoo chafu. Unaweza kuwa na resipi ya Ikulu na bia ikachacha kama siki.

BIBI ANACHEKA NINI?

Hapa nyumbani kuna watu wanayajua haya bila kioo chochote. Muulize bibi anayetengeneza togwa. Anapika uji kwanza mpaka uive. Halafu anaungoja upoe. Ndipo anatia unga wa kimea cha ulezi, anakoroga, na baada ya muda ule uji mzito unalegea na kuwa mtamu. Kwa nini hatii kimea kwenye uji unaotokota? Atakwambia utaharibu, basi. Kitaalamu ni kwamba ndani ya kimea mna vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na moto wa kuchemka unaviua.

Sasa mchukue yule mtaalamu wa kompyuta, mpe mtama. Ameshazoea shayiri, ambayo wanga wake unalainika vizuri kwenye joto la nyuzi 66 au 67. Mtama unataka joto la juu zaidi, na kwenye joto hilo vimeng'enya vinaanza kufa. Akiufanyia mtama kama shayiri, utamu wake mwingi utabaki kwenye machicha, na namba zote za kwenye kioo zitakuwa hewa. Itabidi afanye kama bibi: apike wanga kwanza, apooze, kisha atie kimea. Hiyo si elimu ndogo, jamani.

Au chukua mbege ya Kilimanjaro. Ndizi mbivu, ulezi, na gome la msesewe la kuleta uchungu. Msesewe unafanya kazi ile ile ya hopsi, lakini fomula ya Tinseth haiujui, kwa kuwa imetengenezwa kwa asidi za hopsi. Programu nyingi zinakuruhusu kuongeza kiungo chako mwenyewe kwenye orodha. Unaweza kuandika msesewe, unaweza kuandika ulezi. Namba utaipata wapi? Itabidi upike, uonje, upime, uandike, upike tena.

Mambo hayo yameshatokea kwingine. Magharibi mwa Norway wanavijiji walitunza hamira yao ya kurithi, inaitwa kveik, inayofanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 30 mpaka 40, wakati hamira nyingi za ale zinataka 18 mpaka 22. Leo kveik inauzwa kwenye pakiti na imo kwenye orodha za programu hizo. Iliingia kwa sababu watu walikwenda kwa wazee, wakauliza, wakapima, wakaandika.

KWA HIYO VIPI?

Kwa hiyo usimdharau bibi kwa kuwa hana simu ya kupapasa, na usimcheke jamaa wa Denver kwa kuwa anapika na kompyuta pembeni. Wote wawili wanafanya jambo moja: wanakumbuka walichofanya mara iliyopita ili leo watoe kitu kile kile au kizuri zaidi. Bibi anaweka kichwani. Jamaa anaweka kwenye mashine. Tofauti ni kwamba cha bibi kinaweza kuondoka naye, na cha jamaa hakina maana kama aliandika uongo.

Kijana unayependa haya mambo, anza na daftari la shilingi chache na togwa, ambayo hata mdogo wako anaruhusiwa kuonja. Andika unga kiasi gani, umengoja dakika ngapi, kimea cha nani. Ukienda likizo kijijini, kaa jikoni na bibi, mwamkie vizuri, halafu uliza. Programu utaikuta tu.

Na siku ukipata cha kusifiwa, ukumbuke wahenga walivyosema juu ya mgema na tembo lake. Akisifiwa, hulitia maji. Kwa bahati mbaya haidromita hujua.