Mashini imefanya « mise à jour », sasa intaneti inatambaa: mbele ya kununua ingine, angalia hapa

Siku ya mushahara, baba moja wa Kolwezi, mutu wa posti ya usiku mu karieri, alinunua forfe ya mwezi muzima. Kesho yake mashini ya nyumba ikafanya « mise à jour » ya Windows. Siku ya tatu, mutoto mukubwa alitaka kutuma dosie ya univerisite: ukurasa unazunguka tu, haufunguke. Mama akasema: « Papa, mega zimeisha, na hakuna mutu aliangalia hata video moja. » Fundi wa mutaa akapima kwa macho: « Hii mashini imekufa, leta feza ya ingine. »

Mashini haikukufa. Ilikuwa inakula.

Kisha « mise à jour », Windows inaendelea kushusha bipande bingine kwa siri. Inaweza hata kutumia intaneti yako kutumia mashini za bengine bile bipande. Kwa mutu wa fibre, si kitu. Kwetu sisi benye kununua mega, ni mushahara unavuja. Basi tufuate mustari.

Kwanza, kamata telefoni, iunge ku modemu ile ile. Kama na yeye inatambaa, shida inaweza kuwa rezo ao forfe. Kama inakimbia, shida iko mu mashini.

Pili, fanya « Redémarrer », si « Arrêter ». Mingi ya mashini zina « démarrage rapide »: unazima, lakini Windows haizime yote. « Redémarrer » njo inaanza upya kabisa.

Tatu, bonyeza Ctrl, Maj na Échap pamoja. « Gestionnaire des tâches » inafunguka. Bonyeza juu ya neno « Réseau »: programu yenye kukula mingi inapanda juu. Pale unaona mwizi kwa jina lake.

Ine, ingia mu « Paramètres », « Réseau et Internet », chagua Wi-Fi yako, washa « Connexion limitée ». Windows itajua kama mega zinahesabiwa, itapunguza kushusha. Kisha ingia mu « Windows Update », « Options avancées », « Optimisation de la distribution », na ukataze mashini kugawana na zingine.

Tano, kama bado, pengine pilote mupya wa Wi-Fi hapatane na mashini ya zamani. Hii inaweza kuonekana ku mashini za okazyoni. Mu « Gestionnaire de périphériques », fungua « Cartes réseau », bonyeza mara mbili ku jina la Wi-Fi, kisha « Pilote », kisha « Restaurer le pilote ». Kama kibutoni hakibonyezeke, hakuna pilote wa zamani wa kurudilia.

Ya mwisho ni « Réinitialisation du réseau ». Lakini andika kwanza mot de passe ya Wi-Fi ku karatasi, juu itafutika.

Neno moja kwa bale benye kusema: « Basi tukataze mise à jour kwa milele. » Hapana. Zinafunga milango ya bezi. Windows 10 yenyewe, Microsoft iliacha kuichunga kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye iko nayo bado, aangalie kama mashini yake inakubali Windows 11. Kazi si kukataza, ni kuchagua saa: siku unapata Wi-Fi ya bure kwa ndugu ao ku kazi, acha ishushe yote.

Ile nyumba ya Kolwezi, dawa ilikuwa ku namba ya ine. Dosie ilienda ile mangaribi. Feza ya mashini ingine ikabakia mu mufuko, na mama njo anachunga sasa kile kibutoni.