Karakana ya Bustanini na Jiko Lake

Mji wa Butembo u karibu sana na mstari wa ikweta, lakini mwinuko wake wapita meta 1,700. Huko, na kwa jirani zake wa Lubero, asubuhi ya mvua hutia ganzi vidole vya seremala, na gundi hukataa kushika. Basi si ajabu baba wa jamaa akitamani kujenga karakana katika bustani nyuma ya nyumba, yenye kuta za matofali ya simenti, na ndani yake jiko la kuni. Kuni anazo tayari, yaani vipande vya mbao vinavyobaki mezani. Shauri ni jema, ila ukuta mzuri waweza kumwua mwenyewe, na hilo ndilo tunalotaka kueleza.

Kwanza hesabu. Chumba cha meta 5 kwa 4, chenye kimo cha meta 2 na nusu, kina kuta za meta za mraba 45. Ondoa mlango na madirisha, zabaki kama 40. Tofali la sentimeta 40 kwa 20 huingia mara 12 na nusu katika kila meta ya mraba. Ndiyo matofali 500, na 30 zaidi badala ya yatakayovunjika.

Mchanga uwe safi. Tia mchanga nusu chupa, ongeza maji, tikisa, uache mpaka kesho. Udongo utatua juu yake kama utando. Utando ukiwa mnene, uoshe mchanga huo. Ndoo 1 ya simenti yatosha kwa ndoo 6 za mchanga na changarawe ndogo. Matofali yakitoka katika kalibu, yafunike kwa majani ya migomba, uyanyweshe maji siku 7. Wapo wanaoyaanika juani ili yakauke upesi. Hao wanajidanganya, kwa maana simenti haigeuki jiwe kwa kukauka, bali kwa kushikana na maji. Ukiweza, ngoja majuma manne kabla ya kuyajengea.

Sasa tufike kwenye jiko. Kuni zikiungua kwa hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushika mahali pa oksijeni katika damu yake. Kichwa humwuma, viungo humlegea, husinzia, na huenda asiamke. Nyumba za udongo na nyasi zilipumua kwa nyufa na kwa paa. Simenti na plasta hazina huruma hiyo. Kwa hiyo acha tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na jiko, wala usilizibe siku ya baridi, maana ndiyo siku yenyewe linapohitajiwa. Wala usilete mbabula ndani eti unangoja jiko limalizike: mkaa hauna moshi wa kukuonya.

Jiko lenyewe lisijengwe kwa matofali ya simenti, kwani moto huyapasua. Tumia matofali ya kuchoma, yaliyounganishwa kwa udongo wa mfinyanzi. Pipa la chuma lafaa pia, ingawa bati lake jembamba huliwa na moto upesi. Bomba la moshi lipande wima, lipite kilele cha paa kwa sentimeta 60 au zaidi. Likiwa fupi, upepo huurudisha moshi chumbani. Mahali linapopenya paa, boya za mbao zikae mbali nalo, nusu meta hivi, na pengo lizibwe kwa bati tupu.

Kuni za mkalitusi zipasuliwe na kukaushwa miezi mingi chini ya paa. Zikiwa mbichi hupaka masizi ndani ya bomba, na masizi hayo siku moja huwaka. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisichomwe kabisa. Kabla ya kuwasha, fagia maranda na vumbi la msumeno, kwa maana vumbi hilo likirushwa hewani karibu na ndimi za moto hulipuka ghafula. Majivu yatie katika kopo la chuma lenye kifuniko, uliweke nje. Kaa dogo laweza kuishi ndani yake siku kadha.

Moto wa kwanza uwe mdogo, kwa siku tatu au nne, mpaka udongo wa jiko ukauke. Mtoto mmoja asimame bustanini atazame juu ya bomba, aseme moshi unakwenda wapi.