Sura ya Nne: Kujenga Hali ya Kujiamini

Kujiamini ni imani ya mtu kwamba alichojiahidi atakitimiza, na kwamba mambo yakiharibika atayakabili. Si majivuno. Mwenye majivuno hutafuta wa kumshangilia, ilhali anayejiamini hahitaji shahidi na hukiri bila tabu asichokijua. Imani hii haiji kwa kujisifu mbele ya kioo, bali hukua kadiri mtu anavyojiona akitenda.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: mafanikio ya mtu mwenyewe, kuwaona walio kama yeye wakifanikiwa, kutiwa moyo na watu anaowaheshimu, na hali ya mwili wake. Cha kwanza kina nguvu kuliko vyote. Cha nne husahaulika kwa urahisi: moyo ukienda mbio na viganja vikilowa jasho, mtu hudhani mwili unamthibitishia kwamba hawezi.

Vyanzo vyote vinne hukutana katika biashara ya mpakani Holili, wilayani Rombo mkoani Kilimanjaro, ambako wachuuzi huvuka kwenda gulio la Taveta, upande wa Kenya. Tangu 2016 mpaka huo una Kituo cha Huduma kwa Pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili humhudumia msafiri katika nchi anayoingia. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupitishwa kwa cheti rahisi cha uasili. Hata hivyo, mama anayeanza biashara anaweza kuliogopa dirisha la forodha kiasi cha kumlipa mtu amvushie, au kupita njia za panya. Siku anayojaza fomu mwenyewe na mzigo ukapita, amepata chanzo cha kwanza. Jirani aliyemtangulia dirishani ni cha pili, na wenzake wa kikoba wanaomhimiza ni cha tatu. Woga wa mwilini ndio unaobaki, na hapo taamuli ina kazi.

Taamuli ni zoezi la kuelekeza fikra mahali pamoja na kuzirudisha kila zinapotoroka. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo yake ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Lakini utulivu wa namna hii si mgeni Kilimanjaro: anayesali rozari polepole, au anayeleta dhikri, tayari anajua kurudisha moyo unaotangatanga.

Kwa anayeanza, dakika tano zatosha. Hukaa wima bila kujikaza, huvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita. Pumzi inapotoka taratibu, neva ya vagasi hupunguza kasi ya moyo. Wazo likija, mathalani “leo nitaaibika”, halipigwi vita wala halifuatwi. Hutambuliwa kuwa ni wazo, kisha mtu hurudi kwenye pumzi. Kwa mazoezi, mtu huzoea kuihisi hofu bila kuitii.

Taamuli peke yake haitoshi, kwa kuwa chanzo chenye nguvu zaidi ni vitendo. Kila siku mtu hujiwekea ahadi moja ndogo yenye saa na mahali pake: “nikishafunga genge, nitaandika mauzo ya leo kwenye daftari.” Utafiti wa Peter Gollwitzer umeonyesha kwamba azimio la namna hii hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Ahadi ikivunjika, hupunguzwa ukubwa na kuanzwa upya kesho yake, bila kujitukana.

Hisia nazo hupewa jina. Kusema “nina hasira kwa sababu nimepunjwa” hupoza mshindo wake kuliko kusema “siko sawa”. Pia mtu humtafuta msikilizaji. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006, akiwafunza bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye sonona na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha dalili zikipungua, na mpango huo ukafika hata Zanzibar.

Mbinu hizi zina mipaka. Aliyepitia ukatili au ajali mbaya anaweza kusumbuliwa na kumbukumbu anapofumba macho. Huyo hufanya zoezi macho yakiwa wazi, akitembea, au huliacha. Huzuni, kukosa usingizi au kukata tamaa kukizidi wiki mbili, inafaa kumwona mtaalamu: safari huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi ina huduma za afya ya akili. Mwenye mawazo ya kujiua hasubiri wiki hizo. Hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, wala haachwi peke yake.