Masisi: Tanki la maji ya mvua laweza kupunguza safari za hatari Burungu

Kwenye milima ya Burungu, karibu na Kitchanga wilayani Masisi, mvua si haba. Hunyesha kwa wingi Septemba hadi Desemba, na tena Machi hadi Mei. Lakini maji mengi yanateremka bondeni bila kumfaa mtu, huku akina mama na watoto wakipanda kutoka chemchemini na bidoni mgongoni.

Tangu vita kati ya jeshi la serikali na M23 vifike eneo hilo, na Kitchanga kuangukia mikononi mwa waasi Januari 2023, kwenda kuteka maji si uchovu tu, ni hatari pia. Tanki kando ya nyumba linapunguza safari hizo.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita mraba 1 ya paa hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye manjanja ya mita 6 kwa 5 ikipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 300. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki lita 240, yaani bidoni 12 za lita 20.

Mtihani ni kiangazi. Mashirika ya kibinadamu huhesabu angalau lita 15 kwa mtu kila siku. Kwa kipimo hicho, familia ya watu 6 humaliza tanki la lita 1,000 kwa siku 11. Lakini yakitunzwa kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa kila mtu, maji hayo hufika mwezi mzima. Ya kufulia yatoke mtoni.

Usafi nao ni lazima. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, maana inaosha vumbi, mavi ya ndege na hata majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira. Tanki lifunikwe mbu wasizaliane humo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, kwani kipindupindu bado ni tishio Kivu Kaskazini.

Wanaobaki nyuma ni wakimbizi wa ndani wanaolala chini ya mashitingi, bila manjanja wala pesa za tanki. Kwao, msaada wa karibu ni paa kubwa la shule, kanisa au kituo cha afya, likiwekewa mfereji na tanki la wote.